Chokaa ya Mzee Wepukhulu

Baba Askofu, Mheshimiwa Diwani wa wadi yetu, Padri wa parokia, Mzee Laban Okumu ambaye ni Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi, akina mama wa Umoja, kwaya zetu zote mbili, ile ya wazee na ile ya magitaa, ndugu wageni waalikwa mliotoka Awasi, Usenge na kwingineko, na nyinyi jirani zangu wa Kaloleni, ambao hamkupewa barua ya mwaliko kwa sababu hapa ni kwenu: Bwana asifiwe.

Hamjambo nyote? Watoto hawajambo? Baba Askofu, tulisikia goti lilikusumbua tangu Pasaka, na leo nimekuona ukipanda ngazi hizi mpya bila kushikwa mkono. Tumeomba na tumejibiwa. Mama Askofu, na wewe tumefurahi kukuona na afya. Mimi mwenyewe ni mzima, ila sukari inanifuatafuata, na mke wangu Lornah anaficha chai yangu kama polisi aliyekamata chang'aa.

Nimeitwa hapa mbele kwa sababu mbili. Leo tumefungua kanisa jipya, na leo pia mnaniaga mimi, Joram Abuya, fundi wa mawe, baada ya kuyatunza majengo ya parokia hii ya Mtakatifu Petro kwa miaka ishirini na miwili. Mmenipa zawadi nzuri. Mmenipa mwiko wa fundi uliopakwa rangi ya dhahabu, na mmeutundika kwenye ubao wenye kitambaa chekundu. Mwenyekiti amesoma sifa zangu mpaka nikageuka nyuma kuangalia kama kuna Joram mwingine. Na pale mlangoni mmeweka jiwe lenye jina langu, linalosema kwamba mimi ndiye "aliyelitunza kanisa la kale kwa uaminifu".

Ndugu zangu, hilo jiwe linanichoma. Nimekaa nalo tangu Jumanne lilipoletwa. Lornah amenisomea hotuba nyingine kabisa, tuliyoiandika pamoja, ya shukrani kutoka mwanzo mpaka mwisho. Iko hapa mfukoni. Nisameheni, siwezi kuisoma.

Hebu geuzeni macho kidogo, upande wangu wa kulia, mtazame kile kilichobaki cha kanisa la kale. Mnaona ule ukuta mmoja wa madhabahu, na yale matao mawili, umesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa stendi. Paa halipo, mnara haupo, ukuta wa kusini haupo. Keshokutwa, Jumatatu, tingatinga linakuja kuuangusha na huo uliobaki, ili magari yapate mahali pa kusimama. Vijana waliozaliwa juzi wanauliza: lile gofu lilikuwa la nini? Wacha niwaambie lilikuwa la nini.

Mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na sita, padri mmoja Mwingereza, Padri Hallett, ambaye wazee wetu walimwita Aleti, alitaka kujenga kanisa hapa. Hakuwa na mchoro wa mtaalamu. Alikuwa na kumbukumbu ya kanisa la kijijini kwao, mahali panapoitwa Marlsham, kule alikobatizwa. Akakaa chini, akalichora kwa penseli kutoka kichwani: mnara mfupi mnene, madirisha membamba yaliyochongoka juu, matao ya mviringo ndani, kiukumbi kidogo mbele ya mlango. Kisha akamtafuta fundi. Akampata kijana mmoja Mbukusu aliyekuja kufanya kazi ya reli, Wepukhulu, ambaye hakusoma hata darasa moja lakini alikuwa akigonga jiwe mara moja na kukuambia limepasuka wapi.

Wepukhulu akalijenga kanisa la Uingereza hapa ziwani bila kuiona Uingereza. Alifuata penseli. Mnakumbuka paa letu lilivyokuwa limesimama wima mpaka fundi wa mabati akakataa kupanda? Lilikuwa la kumwaga theluji! Miaka karibu hamsini tulikaa Kisumu, na jua hili, tukingojea theluji. Na mnakumbuka ule mlango wa kaskazini uliojengwa ukiwa umeshazibwa kwa mawe? Watu walikuwa wanauliza, Mzee, umejengaje mlango usiofunguka? Naye anajibu, "Kwa karatasi ya Aleti iko imefungwa. Mimi nitafungua mlango ya mtu?"

Mnacheka. Na mimi nilicheka. Nilicheka sana kuliko nyinyi, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Wepukhulu hakutumia simiti hata kijiko kimoja. Alitumia chokaa. Mawe ya chokaa yalichomwa kule Koru, yakaja kwa gari la moshi, naye akayalowesha ndani ya shimo pale nyuma, yakachemka yenyewe kama uji, kisha akayafunika mwaka mzima ndipo akayatumia. Alipomaliza kanisa hakulifukia shimo. Kila mwaka baada ya mvua alizunguka ukuta na karai lake, anagusa hapa, anaziba pale. Hakuna aliyemtuma. Binti yake Nasambu alikuwa anamshikia ngazi. Nasambu, uko wapi mama? Simama watu wakuone. Nakusalimu kwa lugha ya kwenu, mulembe. Asante, kaa.

Mwaka sitini na tano, tukiwa tumepata uhuru wetu na kila mtu anataka kitu kipya, mimi nilisimama katika mkutano wa kamati nikasema kanisa letu linatia aibu. Kuta zinadondosha unga. Mama akiegemea, gauni linakuwa jeupe. Nikasema tukwangue chokaa yote kati ya mawe, tujaze simiti, halafu tupige plasta ya simiti ndani na nje, ligangamae. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, nina cheti cha ufundi, nina koti. Watu wakapiga makofi.

Wepukhulu akanyanyuka kule nyuma. Akasema, "Joram, wacha hii ukuta. Hii ukuta inakunywa maji na inatema. Wewe unataka kumfunga mdomo."

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mzee, nchi imepata uhuru na wewe bado unapika mawe? Kama ukuta unakunywa, tuupeleke kwa chifu ashtakiwe kwa ulevi."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee Laban, wewe ulicheka mpaka ukatoa machozi, usikatae. Wepukhulu akaketi. Nami nikaifanya ile kazi, kwa mikono hii. Na ili nikomeshe mambo ya kupika mawe, nikalifukia shimo lake, nikasema mtoto asije akatumbukia. Watoto walikuwa wamelipita lile shimo miaka thelathini na saba bila hata mmoja kutumbukia.

Kanisa likapendeza kweli. Likawa jeupe, laini, kama keki. Tukapiga picha.

Sasa, mwaka juzi, sabini na nne, ikaja barua kutoka Marlsham. Kanisa lao lilikuwa linatimiza miaka mia nane, na walitaka mzee mmoja kutoka kanisa lililojengwa kwa mfano wake aende akae nao wiki tatu. Ni nani aliyepaswa kwenda? Mtu mwenye haki angesema Wepukhulu. Sisi tukasema ni mzee mno, Kiingereza hana, atatuaibisha kwenye ndege. Tukapiga kura. Nikaenda mimi.

Ndugu zangu, nikiingia kile kijiji nilisimama njiani na begi langu. Nililijua lile kanisa. Nilijua kona zake. Nilijua ukipita mlango unashuka ngazi moja. Padri wao alianza kunionyesha, nami nikamwambia, ngoja, pale kushoto kuna tao la mviringo na nyuma yake lililochongoka. Akashangaa. Nikamwambia, hapa ni nyumbani.

Akanieleza historia yake. Lile tao la mviringo ndilo la kwanza, la mafundi wa miaka mia nane iliyopita, waliojua kupinda jiwe namna hiyo tu. Miaka mia moja baadaye wajukuu wao wakajifunza kuchongoa tao, likapanda juu zaidi, mwanga ukaingia, wakaijenga upya sehemu ya madhabahu. Halafu ukaja ugonjwa mkubwa ukaua nusu ya watu, na ukiangalia ukutani unaona mawe yamekatika kiuno: fundi aliyeanza siye aliyemaliza. Halafu watu wakapata mali kwa manyoya ya kondoo, wakaongeza mnara. Kile kiukumbi mbele ya mlango, ambacho sisi tulikitumia kuegeshea baiskeli, kilikuwa mahali pa watu kufunga ndoa na kupatana wakigombana. Na ule mlango wa kaskazini, ndugu zangu, ulikuwa unafunguka! Watu walitoka nao wakiandamana siku za sikukuu. Dini ilipobadilika, maandamano yakaisha, wakauziba. Aleti alipozaliwa aliukuta umezibwa, na hivyo ndivyo alivyouchora.

Ukutani pia palikuwa na picha kubwa ya Mtakatifu Kristofa akimvusha mtoto Yesu mtoni, iliyofichwa chini ya rangi nyeupe miaka mia tatu mpaka ilipogunduliwa. Miguuni pake wanaogelea samaki. Nikasogea karibu. Mimi ni mtu wa ziwa, nikawaambia: huyu ni ngege wa ziwa letu. Wakacheka, lakini mpaka leo nasema alikuwa ngege.

Siku ya nne nikamwona mzee mmoja, Bwana Arthur, fundi wao, amepiga magoti nje, upande wa kaskazini, na patasi ndogo. Anatoa kitu katikati ya mawe, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Nikainama. Ilikuwa simiti. Na mawe yaliyozungukwa na ile simiti yalikuwa yamebabuka uso, yanamenyeka kama ngozi iliyoungua. Mengine, yenye chokaa ya miaka mia nane, yalikuwa mazima.

Nikamuuliza, kwa nini? Akasema maji huingia ukutani siku zote, na chokaa huyaacha yatoke. Simiti huyafungia ndani, yakakosa njia, yakatokea kwenye jiwe lenyewe mpaka likaoza. Nikauliza ni nani alifanya hivi. Akasema, "Mtu mwema wa miaka ya thelathini, aliyekuwa na haraka."

Kisha akanionyesha alama ndogo kwenye mawe: mshale, nyota, msalaba wenye mkia. Kila fundi wa zamani alikata alama yake kwenye jiwe lake. Majina yao hayajulikani, alama zipo. Nami nikakumbuka kwamba katika kanisa letu, kabla sijapiga plasta, kulikuwa na mawe yenye alama ya jembe. Nilidhani ni mikwaruzo. Niliyajaza simiti nikalainisha kwa mwiko.

Ndugu zangu, mimi nilijua siku ile. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa sita, mwaka sabini na nne. Nilijua kwamba Wepukhulu alisema kweli na mimi nimeliua kanisa letu, ila labda bado halijafa. Je, nikirudi sikuweza kuwaambia tuitoe ile simiti? Niliweza. Nilirudi na picha na kalenda na biskuti, nikawahutubia kwa saa moja na nusu juu ya Uingereza. Juu ya simiti sikusema hata neno moja.

Mwaka uliofuata, mvua ya mwezi wa nne ilishuka siku kumi. Mnakumbuka. Alhamisi adhuhuri, akina mama wa Umoja wametoka tu kwenye mazoezi, ukuta wa kusini ukaachia. Bwana aliwatoa dakika tano kabla. Injinia akaja, akagonga, akasema kuta zimeoza ndani, jengo lisitumike tena. Na kamati ikakaa, ikaandika katika kumbukumbu kwamba sababu ni, nasoma kama ilivyo, "ujenzi dhaifu wa fundi wa awali asiye na elimu".

Mimi nilikuwa katika kiti cha tatu kutoka mlangoni. Nilinyoosha mkono kukubali.

Wepukhulu alikuwa hai. Alikuwa nyumba ya tano kutoka kwangu, hapa hapa Kaloleni, haoni vizuri tena. Habari zilimfika, maana habari mbaya ina miguu ya kutosha hapa kwetu. Akaacha kuja ibadani. Nikamwambia Lornah, leo nakwenda kumwambia. Nikanunua kilo mbili za sukari. Nikaenda.

Akanikaribisha. Akamwambia Nasambu aweke chai. Halafu akaniuliza jambo ambalo kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyefikiri kwamba alikuwa na haki ya kuliuliza. "Joram, ile kanisa ya Aleti, uliiona na macho?"

"Niliiona, Mzee."

"Ile ya kwetu ilikuwa inafanana?"

"Inafanana, Mzee. Niliingia kama naingia hapa."

Akasogeza kiti karibu. Kisha, "Tao ya pili. Mimi nilipima na kamba, nikaona kama imelala kwa mkono ya kushoto. Nikasema, nimekosea karatasi ya Aleti. Hii mambo inanisumbua tangu nikiwa kijana."

Nikamwambia, "Mzee, na la kwao limelala. Kushoto vile vile."

Mngemwona mtu mzima akifurahi! Alipiga goti lake kwa kiganja. "Nasambu! Umesikia? Na ya kwao imelala!" Akaniuliza habari za mnara, akaniuliza habari za mlango. Nilipomwambia kwamba zamani ulifunguka akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nilifungia watu nje." Tukakaa saa tatu. Nilimpa kanisa zima, jiwe kwa jiwe, mpaka na ngege wa Mtakatifu Kristofa. Lakini Bwana Arthur na patasi yake, nilimruka.

Nikiaga, akanishika mkono, akasema, "Ujenzi yangu ilikuwa dhaifu wapi, Joram? Wewe umesoma. Niambie, nijue."

Nami nikasema, "Mvua ilikuwa nyingi, Mzee."

Hilo ndilo jibu nililompa. Nikasema nitarudi wiki ijayo. Nikasema hivyo wiki nyingi. Mwezi wa kwanza mwaka huu tulimpeleka Bungoma, mimi nikiwa mmoja wa waliobeba jeneza, na mtu akasoma wasifu wake usiokuwa na kanisa ndani.

Mzee Laban, naona umeinamisha kichwa. Sisemi haya ili nikuaibishe. Wewe ulipiga makofi kwa kuniamini mimi. Aliyejua ni mimi.

Jumanne jiwe lenye jina langu lilipofika, sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa Nasambu, sokoni, mbele ya omena yake, wale dagaa wa ziwani, nikamwambia yote niliyowaambia nyinyi. Aliendelea kupima omena. Akamhudumia mteja wa kwanza, akamhudumia wa pili. Halafu akasema, "Mzee Joram, baba alijua."

Nikasema, alijua nini?

"Alijua ni simiti. Alikuwa anangojea wewe useme."

Ndugu zangu, mteja wa tatu alipokuja, mimi ndiye niliyemshikia mfuko.

Baadaye akaniuliza kama nakumbuka nilipolifukia shimo. Nikamwambia, kwa nini? Akasema baba yake alikuwa akimwambia kwamba chokaa ukiifunika vizuri isipate hewa, haifi. Basi Jumatano tukachimba, mimi na yeye. Tukatoa udongo wangu, niliouweka kwa dharau mwaka sitini na tano. Tukatoa magunia yaliyooza. Nasambu akachovya kidole, akanionyesha. Nyeupe. Laini kama siagi. Miaka kumi na moja nimeizika, na bado inangoja kazi.

Iko hapa. Lornah, nipe lile debe. Baba Askofu, naomba uchovye kidole, usiogope, ila uoshe mara moja, inauma kidogo. Umeona?

Sasa nasema lililonileta. Ule ukuta wa madhabahu haujafa. Kwa nyuma sikuupiga plasta, simiti iliisha kabla sijafika, na siku zile nilisikitika! Mawe ya upande ule ni mazima, na yale matao mawili, la kwanza na lile lililolala kushoto, yamesimama. Nimehesabu mawe kumi na saba yenye alama ya jembe. Naomba tingatinga lisije. Magari tutayatafutia mahali; Yesu alikuja na punda na akapata pa kumfunga. Naomba ile kumbukumbu ya kamati ifutwe, iandikwe kweli, na jina langu niliseme mwenyewe katibu aliandike. Na lile jiwe la mlangoni, naomba ligeuzwe, upande wa nyuma ni mtupu, liandikwe jina la Wepukhulu wa Bungoma, fundi, na chini yake ichongwe jembe.

Na kuhusu huu mwiko wenu wa dhahabu, nawashukuru kutoka moyoni, ero kamano. Nitaushusha kwenye ubao, niukwangue rangi, kwa maana chuma chake ni kizuri. Nitatoa simiti yangu kati ya mawe yale kwa patasi ndogo, hata kama itanichukua miaka iliyobaki. Nasambu anajua kipimo cha mchanga, alijifunza kwa baba yake akishika ngazi, na amekubali kusimamia. Yeye ndiye fundi. Mimi nitabeba karai. Na ninyi vijana wa magitaa msije mkasema mzee amerudi nyuma kupika mawe. Mkisema hivyo nitajua mmewasikia baba zenu wakisimulia maneno yangu.

Nawashukuru kwa kunivumilia nikiwaharibia sherehe. Mungu awabariki, awarudishe salama mliotoka mbali.

Baba Askofu, wewe ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ukuta ule, na tingatinga ni la keshokutwa. Sitaki unijibu hapa mbele za watu. Lakini nakuomba, unijibu mapema.